Hapo Pana Mwenyewe

Walikuja usiku, nimeshafunga dirisha moja la duka.
Mfaume akaomba sukari robo. Nikampa. Hakuondoka.
Somoe ndiye aliyefungua mkoba:
"Bi Tabia, tunaomba nafasi kwenye friji lako.
Ndogo tu. Kama ya soda moja."

Vichupa sita, vyembamba kuliko kidole changu cha mwisho.
Visigande, visipate joto.
Nikaviweka rafu ya kati, nyuma ya trei ya mayai,
nikauliza ni dawa ya nini, mdomo wangu ndivyo ulivyo.
"Ya kukomaza mayai," akasema Somoe,
akaitazama trei, akacheka hata akakaa sakafuni.
Nikacheka nami. Mfaume akalipa sukari.

Miaka tisa Luchingu nzima ilikuwa na jibu lake.
Nami nililibeba, sijitakasi:
niliwahi kusema, huku napima mchele,
mti usiozaa haupuliziwi salfa.
Kumbe malipo ya pili ya korosho
yalimfikisha Mfaume mwenyewe Mtwara mjini,
chumba kidogo, kikopo chenye kifuniko,
akatoka na karatasi:
mbegu chache, na zilizopo zinajikokota.
Aache sigara, akaambiwa.
Avae barakoa akishika bomba la dawa shambani.
Na mkewe asije tena peke yake.
Haya sikuyaokota kisimani.
Alinieleza yeye, kaegemea kaunta,
kwa sauti ya mtu anayetaja deni
ambalo ameshaanza kulilipa.

Kila jioni, saa moja na nusu, nyuma ya magunia,
Somoe anabana nyama kando ya kitovu.
Mimi nashika tochi.
Mkono unaotetemeka ni wangu.

Alhamisi umeme ukakatika saa nane mchana.
Saa kumi, bado.
Saa kumi na mbili soda zikatoka jasho.
Nikavunja barafu zangu zote za ubuyu, mtaji wa siku mbili,
nikazimwaga kwenye ndoo,
vichupa nikavizungushia kanga mikunjo minne
baridi isiviume,
nikaipakata ndoo gizani.
Watoto wakaja na mia mia zao.
Leo hakuna, nikawaambia, na kesho msiniulize.

Sasa wako Dar es Salaam, wiki ya pili.
Daktari hakuwaficha: wanaorudi mikono mitupu ni wengi.
Somoe anajua. Alinieleza huku anakunja nguo,
akaweka ile gauni pana,
akaitoa, akaiweka tena.

Simu haijalia. Sipigi.
Jana kijana wa soda alikuja na kreti,
akapanga chupa mpaka rafu ya kati,
akaona pengo nyuma ya mayai, akanyoosha mkono.
Acha, nikamwambia.
Hapo pana mwenyewe.