Gurudumu la Majina

Saa sita za usiku, Mishomoroni.
Feni inanung'unika, haipozi kitu.
Jumatatu naingia darasa la tano, mazoezi ya ualimu,
na kwenye simu yangu yenye ufa
naonja vyombo vya mtandaoni kama mpishi asiyeamini chumvi.

Hiki kinatunga maswali,
ila kinawauliza watoto wa Kisauni
theluji huanguka mwezi gani.
Hiki hupiga makofi mtoto akipata;
akikosa, hulia kama paka aliyekanyagwa mkia.
Nimekifuta.

Kisha nikapata gurudumu.
Unaandika majina, unalizungusha,
linamchagua wa kujibu. Halina kipenzi, halina mpwa.
Nikayaandika yote arubaini na saba
kutoka rejista aliyoniazima Mwalimu Mumba:
Mwanamkuu, Tsuma, Shekue, Dzame…
Simu ikayapigia mstari mwekundu,
kana kwamba watoto wenyewe ni makosa ya tahajia.

Nikazungusha. Likaenda mbio,
rangi zikavurugika,
bando likakata.

Limeganda kwa Dzame Ruwa.
Kando ya jina lake, rejistani, kwa penseli:
"Haongei. Mruke."

Sijui hii ni bahati au hitilafu.
Bando jipya ni nauli ya kesho,
basi nimechukua mkasi na boksi la unga,
nakata vijikaratasi arubaini na sita
nivitie kwenye kopo.

Chako, Dzame, sikikati.
Wewe nitakuuliza kwanza,
kisha nitanyamaza, chaki mkononi,
hata kengele ikilia.