Kikombe cha Thelathini na Moja

Septemba, ghuba ya Puck, maji ya magotini.
Brunon ameshika boti, mimi nimeshika koleo.
Nachuma jani la nyasi bahari, nalikwangua taratibu,
ule utelezi wa kahawia unaingia chupa yake,
jani tupu linaingia chupa yake.
Konokono. Uduvi. Kidudu cha kijani chenye miguu kumi na minne.
Na samaki wa miiba mitatu, urefu wa kidole cha mtoto,
aliyenitazama kwa dharau yote aliyokuwa nayo.

Gdynia, maabara, ghorofa ya tatu.
Nakausha, nasaga, napima.
Miligramu moja kwenye kikombe cha bati,
nakikunja, nakifinya kiwe kitonge,
mashine inakimeza, inakichoma,
inauliza lile lile isilochoka kuuliza:
nzito ngapi, nyepesi ngapi?
Maana kaboni ina pacha mzito,
haozi, hafifii,
hasahau alikotoka hata akipita matumbo manne.
Na nitrojeni hupanda ngazi:
mlaji ni mzito kuliko mlo wake,
tatu na ushei kila kidato,
hata mkunga aliyelala kimya kwenye barafu
utajua amesimama juu ya mabega ya wangapi.

Miaka yote tulisema nyasi ndizo zinazolisha ghuba.
Zilipokufa, babake Brunon aliuza nyavu.
Namba zimekuja na neno jingine.
Jani: hasi kumi.
Utelezi: hasi kumi na saba.
Konokono, kidudu, na yule bwana mwenye dharau:
kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita na nusu.
Jani hawakuligusa.
Jani ni sinia; wanakula kilichopakuliwa juu yake.
Nikampigia Brunon. Akakaa kimya, nikasikia aaaa ya injini,
kisha: "Sawa. Sasa jaribu kunywa supu bila bakuli."

Vikombe vilikuwa thelathini. Trei ina nafasi zaidi.

Mama yuko Jastarnia, peke yake tangu Machi.
Kila jioni simu: Umekula?
"Nimekula, Halszka. Viazi na heringi. Umenizaa wewe?"
Mwezi huu alitaka nimpunguze nywele.
Msuko nilioukata niliufunga uzi, nikautia mfukoni,
sijui kwa nini.
Nywele hukua sentimita kwa mwezi.
Nikaukata vipande, nikaanza na cha karibu na kichwa:
kikombe cha thelathini na moja.
Thelathini na mbili, Julai. Thelathini na tatu, Juni.
Hivyo hivyo hadi majira ya baridi, baba akiwa bado anakohoa chumba cha pili.

Nitrojeni imepanda. Kila mwezi, kidogo, imepanda.
Nilifurahi, nakiri. Nikasema: kumbe samaki anakula.
Lakini kaboni haikusogea.
Heringi ingeisogeza.
Nikakaa na ile karatasi mpaka taa za korido zikazimika zenyewe.
Kuna njia nyingine ya kupanda ngazi bila kula mtu:
mwili usipopewa, hujila.
Mama yangu, Gertruda, kilo hamsini na moja na sweta,
amepanda kidato,
amekuwa mwindaji, na windo ni yeye.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Hiki hakikuwa kilio. Kilikuwa tarakimu mbili baada ya nukta.

Treni ya saa moja na robo, mchanga kushoto, maji kulia,
na chini ya maji sinia zote zile zimelala gizani.
Mkate mweusi, siagi, heringi kwenye gazeti.
Sikumwambia namba.
Jikoni palikuwa safi kupita kiasi.
Juu ya meza, bakuli moja, limefunikwa kifudifudi,
limekauka kwa siku nyingi.
"Umekula?" akaniuliza, kunitangulia.

"Bado, mama."

Akanitazama. Akageuka kabatini,
akavuta kiti, akapanda,
akashusha la pili.