Hodi ya Kisigino

Jumapili, Industrial Area haijafungua hata dirisha,
Gesare akaniambia nivue viatu.
"Viatu vya mahakamani," alisema, "havina masikio."
Nikaviweka kiti cha nyuma, vikakaa wima
kama mashahidi wawili wasioafikiana.

Gari ni Dieksi, rika langu au karibu,
milango mitatu myeupe, wa nne rangi ya maziwa ya jana.
Juu ya dashibodi Gesare akaweka kifuniko cha thamosi,
chai ya rangi hadi ukingoni.
"Huyo ndiye mtahini," akasema. "Mimi ni karani tu."

Barabara ya Lunga Lunga yote ilikuwa yetu,
yetu na ya bawabu wa ghala la mabati
aliyegeuza kiti chake ili atuone vizuri.

"Vidole kwa breki. Kisigino kwa mafuta.
Mguu mmoja, kazi mbili.
Wa kushoto ushike klachi na unyamaze."

Nikamwambia: mshika mbili, moja humponyoka.
Akafuta mikono kwenye paja la ovaroli.
"Huyo alisema *mshika*.
Miguu hakuitaja."

Mara ya kwanza niliachia breki nikitafuta mafuta,
Dieksi ikaruka kama iliyoitwa jina.
Mara ya pili injini ikapiga yowe,
bawabu akasimama kuona nani ameumia.
Ya tatu sitaisimulia.
Ya nne gia iliingia kwa meno,
gari likainama, nami nikainama nalo,
chai ikainama kuliko sote
ikammwagikia Gesare magotini.

Hakufoka. Alimimina nyingine.
"Unavunja mlango," akasema.
"Ukitoka tatu kwenda pili, injini lazima ikimbie zaidi.
Wewe unaileta ikiwa bado na usingizi,
unaisukuma ndani ya nyumba yenye watu macho.
Iamshe kwanza. Piga hodi.
Kisigino kidogo tu — vum —
isikike. Kisha ingia."

Hodi.
Neno nililolijua kabla sijajua kutembea,
na siku zote hizo halikuwahi kunishuka mguuni.

Jumatatu, Milimani, nikarudi kwa mkate wangu:
shahidi anamwaga Kimeru, hakimu anasubiri Kiswahili,
sikio langu limekanyaga sentensi inayopita,
ulimi unagusa ile iliyopita sasa hivi.
Miaka kumi na mitatu nafanya hivi
na hakuna aliyeniambia kwamba ni gari.
Chini ya meza, ndani ya kiatu,
mguu wa kulia ulikuwa ukijifunza kivyake:
vidole, kisigino, vidole.
Wakili wa utetezi akauliza, kwa heshima,
ni nini kinachotikisa meza ya mkalimani.

Jumapili ya tano tukaenda Barabara ya Peponi.
Sijui nani aliipa jina hilo barabara yenye kona zile.
Sina haraka ya kufika huko.
Mvua ya usiku ilikuwa bado juu ya lami,
wauza miche walikuwa wakifunua magunia,
na mteremko ukaanza kabla sijawa tayari,
kama mteremko wowote.

Klachi.
Vidole vimelala juu ya breki, havijaondoka.
Kisigino kikageuka pembeni, kikabisha —
vum —
na humo ndani, naapa, kitu kikaitika karibu.
Pili.

Hakuna kilichotikisika.
Kona ikatupokea, ikatuzungusha, ikatuachilia
upande wa pili wa daraja,
nami nilikuwa sijapumua tangu wauza miche.

Gesare akakichukua kile kifuniko, akaonja.
"Imepoa," akasema.

Na heri ilikuwa imepoa,
maana kona iliyofuata nilijisifu kabla ya kisigino
na yote ikaishia kwenye ovaroli yake.