Jivu Lisilopoa

Kaka yangu Kirunda yuko Ucheki,
anajifunza kuchunga moto usioonekana.
Mimi niko Buyende, nauza umeme rejareja:
simu ndogo shilingi mia tano, kubwa elfu moja,
paneli moja juu ya bati,
betri ya lori lililofia njia ya Kamuli.
Kila simu naibandika plasta yenye jina:
Balikowa. Bi Kagoya. Mwalimu Tigawalana.
Ya nne haina jina, kioo kimepasuka;
mwenyewe nitamjua kwa kuchechemea.

Nyaya nene za bwawa hupita mbali na sisi,
juu ya nyumba zenye vibatari,
kama wageni wa bwana mkubwa
wasiojua kusalimia.

Picha ya kwanza aliyonitumia:
minara minne, viuno vimebanwa,
mawingu yanatoka vinywani.
Nikamwandikia: moshi wote huo!
Akajibu usiku wa manane:
Si moshi, dada. Mvuke. Maji tu,
kama sufuria ya mama ya viazi.
Nikaamini. Sufuria naijua.

Wiki ileile wakaja vijana wa kupima,
vizibao vya manjano, viatu vizito,
wakapigilia kigingi chekundu
kati ya ulezi na kaburi la mama.
Mmoja, mpole, mwenye mwandiko mzuri,
akahesabu: mibuni arobaini na miwili,
mfenesi mkubwa mmoja, mchanga mmoja,
choo, kimoja.
Akauliza kaburi ni la saruji au la udongo,
maana bei si moja.
La udongo, nikasema. Akaandika.
Kisha akaniomba nimchajie simu.

Usiku nikamwuliza Kirunda:
tumeambiwa tangu utoto moto huzaa jivu;
huo wenu unazaa nini?
Nikaona anaandika, anaacha, anaandika.
Jivu lipo, akasema. Si la kushika.
Linalazwa ndani ya dimbwi refu
na maji yenyewe yanang'aa buluu,
buluu nzuri, dada, ungeiona,
kama kitenge cha Babirye siku ya arusi.
Linalala humo miaka.
Halafu linafungiwa mapipa ya chuma,
na watakaolilinda, bibi zao hawajazaliwa.

Mimi jivu nalijua.
Nasugulia masufuria, namwagia migomba,
nachanganya na maharagwe fukusi wasiingie.
Asubuhi limepoa, mtoto analichezea.
Jivu la kuwekewa askari silijui.

Na waliokuwa wakiishi hapo, nikauliza, walikwenda wapi?

Hiyo ndiyo picha ya pili. Theluji.
Minara nyuma. Mbele kanisa dogo, peke yake,
makaburi yamelizunguka kama vifaranga.
Vijiji walivivunja, akaandika,
nyumba, mabanda, visima.
Kanisa wakaliacha, na wafu wake.
Mara moja kwa mwaka watu hurudi kutoka mijini,
wanawawashia jamaa zao mishumaa
chini ya minara inayoangazia nchi.

Nikacheka peke yangu kibandani.
Mishumaa!
Kicheko kikaniishia njiani.

Swali la tatu sijamtumia, naona haya.
Umeme ukifika, nani ataniletea simu?
Maana nautaka, asije mtu akasema siutaki.
Nataka friji ya chanjo isizime,
nataka cherehani ya mota, taa ya uani,
nataka Kirunda arudi, awe na kazi hapa
na kadi shingoni yenye picha yake.
Nautaka. Na mama nitamweka wapi?

Mwenye simu isiyo na jina amekuja.
Imejaa? Imejaa.
Analipa sarafu zenye joto la kiganja.

Kigingi bado kipo. Walikipigilia vizuri.
Nimemfungia mbuzi,
naye anakula nyasi za kaburini,
mduara kamili,
mpaka kamba inapoishia.