Milimita Kumi na Nne

Majani nilichuma mimi, kwenye mkilifi ulioinamia
ukuta wa gereji nyuma ya maabara, Tudor,
ule ambao mafundi huanikia ovaroli.
Nyamvula alisisitiza: yasiwe ya manjano, yasiwe na grisi.
Nikayaosha mara tatu. Kuosha ndiyo kazi yangu,
mwaka wa kumi na tisa huu, bilauri za wenye digrii.

Akayachemsha. Chumba kikanuka utoto,
unabanwa pua na kikombe kinakuja.
Karatasi za kuchujia zimekwisha tangu Ramadhani;
nikamletea kifumbu cha nyumbani.
Kimezoea tui, siku hiyo kikanywa shubiri.
Akacheka, akachuja tena kwa kitambaa, na tena,
hadi maji yakawa rangi ya chai ya mkandaa.

Kisha chumvi ya zinki, tone, tone,
na kisumaku kinazunguka chini ya chupa
kama mtu aliyeangusha pete.
Saa tano na nusu, hakuna kitu.
Saa sita maji yakaingiwa na ukungu.
"Yamekubali," akasema, utadhani alikuwa amepeleka posa.

Nikamuuliza jani lina nguvu gani ya kufanya hayo.
"Uchungu wake ndio mikono yake.
Huishika zinki isigandamane."

Tanuri, digrii mia nne.
Ukatoka unga mweupe usiojaza kijiko.
"Punje elfu mbili zikipangwa mstari
hazizidi upana wa unywele wako."
Nina upara. Nikanyamaza.

Vidudu vilitoka wodini: kidonda cha mguu,
mgonjwa wa sukari. Kibandiko kinasema K-17.
Vimeshinda dawa tatu.
Nilitaka kujua K-17 analala upande gani,
nani humpelekea uji.

Usiku stima ikapotea.
Vidudu vinataka digrii thelathini na saba;
joto la Machi mjini hapa
likafanya kazi hiyo karibu yote, bila bili.

Asubuhi, sahani ya kwanza: zulia la vidudu,
na katikati, kuzunguka tone la unga, uwanja mtupu.
Akaweka rula. Kumi na nne.
Akaigeuza, akapima tena. Kumi na nne.
Ya pili, tisa.
Ya tatu vimejaa hadi mlangoni pa dawa,
hata salamu hawakuitika.
Hiyo nayo akaiandika, kwa wino uleule.

"Sasa K-17 atapewa?"
"Bado. Sahani si mguu."

Akaenda kwao Likoni. Nikabaki na zamu yangu:
sahani zote kwenye jiko la mvuke, dakika kumi na tano,
walioshindwa, walioshinda, na ule uwanja wenyewe
ukayeyuka. Kumi na nne imebaki daftarini.

Kifumbu nilikirowesha kwa chumvi siku mbili.
Wali wa Ijumaa ukatoka na kauchungu, kwa mbali.
Mke wangu akaonja, akaweka kijiko chini,
akanitazama.