Gome la Duzhong

Mwezi wa sita, baada ya mvua ya siku tatu,
mama ananiamsha jogoo wa jirani hata hajakohoa.
"Leo gome litabanduka," asema.
"Kesho litaung'ang'ania mti kama deni."

Nyuma ya nyumba, juu ya mtelemko wa Cili,
miti kumi na saba.
Zamani ilikuwa mia mbili na ushei.
Mwaka ule bei ilipopaa,
watu wakiuza nguruwe wanunue mashoka,
baba yangu, Tian Maocai, aliiangusha yote,
akaichuna ikiwa imelala,
akanunua televisheni.
Televisheni ilikufa kabla visiki havijakauka.
Hii kumi na saba ilipona
kwa kuwa shoka liliazimwa na binamu
na binamu hakulirudisha.

Mama hakati. Mama huchora:
duara juu, duara chini, mstari mmoja kuyaunga,
kwa tahadhari ya mtu afunguaye bahasha isiyo yake.
Gome laachia kwa sauti ndogo ya kitambaa kibichi.
Mti wabaki mweupe, uchi, ukitoka jasho.

"Usiguse!"
Nilikuwa nimenyoosha kidole.
"Ukigusa hapo, hapaoti tena."
Kwenye mti wa nne ananionyesha doa jeusi,
kiganja cha mtoto wa miaka sita.
Changu, asema. Mimi sikumbuki.
Napima bila kugusa:
vidole vyangu vimelipita kwa pingili mbili.

Tunaufunga mti kwa nailoni,
kama nilivyolifunga sanduku langu zipu ilipokufa
katika stesheni ya Dongguan.
"Miaka mitatu," mama auambia mti,
"ndipo nitakusumbua tena."

Gome litakwenda Changsha,
kwa figo za matajiri, kwa viuno vya madereva wa malori,
kwa migongo ambayo hatutaiona kamwe.
Naye mama, akiinama kuokota kisu,
anashika kiuno, anakwama katikati,
anahesabu kimya hadi maumivu yapite.
Mganga hajigangi.
Nikimwambia, chemsha japo kipande unywe,
hujibu: "Kilo ni kilo."

Alasiri anachuma jani, analipasua,
nusu kwake, nusu kwangu.
Katikati nyuzi zinachomoza,
nyeupe, nyembamba kuliko za buibui,
zimekataa kwamba jani limechanika.
"Vuta. Taratibu."
Upana wa kidole. Vidole viwili. Vinne.
Mwanga unapita juu yake ukitetemeka.

Treni yangu ni kesho saa tisa.
Tangu asubuhi hakuna aliyeitaja.

Uzi wa mwisho ukakatika.
Mama akapangusa mikono kwenye suruali,
akatazama mawingu.
"Haya, beba kikapu," akasema.
"Gome likilowa, Bwana Peng atatupunja."