Kwekwe

Kamusi ya shule yetu imeliwa na mchwa mpaka herufi J.
K imenusurika. Ndani yake neno hili limepewa mstari mmoja:
*kwekwe, tazama magugu*,
kama mgeni aliyebisha hodi mlango wa kwanza
akaelekezwa wa pili.

Mama hakusema magugu.
Alisema kwekwe, na jembe likaitikia,
kwe upande huu wa tuta, kwe upande ule,
Januari, Hombolo, mvua imenyesha mara mbili tu
na uwele haujapita kifundo cha mguu.

Neno nililijua kwa mgongo kabla ya mdomo.
Ndago: unaikata, punje inakucheka udongoni,
kesho kutwa inachungulia.
Mbigili hujitambulisha yenyewe, kisiginoni.
Lakini kwenye mgagani jembe la mama lilipiga kona.
"Huo uache. Hiyo ni kwekwe ya jioni."
Na mlenda pori, uliojiotea bila kualikwa,
tuliuchuma, tukauanika juu ya bati,
tukautwanga, ukakaa mtunguni
hadi Septemba, pepo za vumbi zilipokuja
na shambani hapakuwa na cha kupalilia.

Bwana shamba Chedego alitufundisha:
kwekwe ni mmea uliokosea mahali.
Tukaandika. Nikamsomea mama.
Akachekecha unga kwanza, akamaliza, akapangusa mikono.
"Kwekwe ni kile unachong'oa mwaka wa shibe."

Mwaka juzi mji ulitufikia.
Kijana mpole mwenye kopo la rangi nyekundu
alichora alama ya kuzidisha ukutani kwa mama mdogo Nyendo,
kwa jirani yake, kwa fundi baiskeli,
akaandika kwenye daftari: makazi holela.
Vigingi vya zege vikasimama katika mistari iliyonyooka,
minyofu kuliko matuta yetu yote.

Mama mdogo hakulia, hakutukana.
Alimpa maji. Akangoja anywe.
"Mwanangu, umechuma mboga kwanza,
au umeanza tu kulima?"

Kijana akatazama kopo lake.
Sijui kama alielewa; alitoka Kigoma, huenda kwao wanasema vingine.
Alama ipo mpaka leo, imefifia, mbuzi wanajikunia hapo.

Jana, darasani, nilichukua penseli
nikakata yale maneno mawili, *tazama magugu*.
Nafasi iliyobaki ni ndogo kama ukucha.
Bado sijaandika kitu.